Nderitu na Sinema za Mwezini

Nderitu wa Kang'ethe alifanya kazi katika jumba moja la sinema mjini Nakuru, akizungusha upya mikanda ya filamu na kuiunga ilipokatika. Viti vya chini havikuwekewa Waafrika kama yeye. Lakini chumba cha mashine kilikuwa na kitundu cha upana wa kiganja, na hapo ndipo alipoona roketi zikipaa na viumbe wa nyota nyingine wakishuka duniani. Sinema za farasi na bastola hakuzijali hata kidogo.

Mkewe, Mugure, aliishi na binti yao mchanga, Wariara, nyumbani kwa mama yake mzazi, Wangare, katika shamba la mzungu kule Mau Narok. Kila mwisho wa mwezi Nderitu alipanda kwenda kwao, na huku wakimenya viazi akamsimulia aliyoyaona.

"Baba Wariara, hao walioenda mwezini, nani aliwapikia?"

"Walikula vidonge."

"Na nguo zao zilifuliwa na vidonge?" Mugure akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

Maswali hayo yalimchoma. Akirudi mjini alipekua magazeti ya zamani ya tajiri wake, akitafuta jibu la kumpelekea.

Kisha serikali ya mkoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Mkikuyu kama yeye hakuruhusiwa kusafiri bila pasi yenye muhuri, na zile safari za mwisho wa mwezi zikakatika.

Ijumaa moja ya Julai 1954, Kipkoech, dereva wa lori la ngano, alimfuata kazini.

"Mama Wariara ni mgonjwa sana. Kifua kimembana. Anakuita."

Nderitu alikimbia hadi ofisi ya pasi. Karani hakuinua macho.

"Bwana mkubwa amesafiri. Rudi Jumatatu."

"Mke wangu anakufa, bwana."

"Muhuri anao yeye. Mimi nifanye nini?"

Aliwaza kwenda hivyo hivyo. Lakini aliwajua wanaume wawili waliokamatwa njiani bila pasi, na hadi siku hiyo hakuna aliyejua walikopelekwa. Jumamosi akasimama kwenye kitundu chake. Kwenye kitambaa cheupe mtu alibonyeza kidude, akafika Mirihi hata kabla watazamaji hawajamaliza njugu zao. Nderitu akageuka, akautazama ukuta.

Jumatatu muhuri ulipigwa mara moja, tap, na kazi ikaisha. Alipofika Mau Narok alasiri, Wangare alikuwa mlangoni, mjukuu wake Wariara akiwa mgongoni.

"Tulimzika jana, mwanangu."

"Alisema nini, mama?"

"Alisema tusikulaumu. Alijua ni mambo ya pasi."

Pasi ilikuwa ya siku tatu. Siku ya tatu Nderitu alimwachia bibi mtoto, akarudi Nakuru. Kazi aliendelea nayo, ila sinema hakumsimulia mtu tena.

Oktoba 1957, jirani yake Farah, mwuza nyama, alitoa redio yake nje jioni, majirani wakamzunguka.

"Nderitu, njoo! Warusi wametupa mwezi wa chuma angani! Unazunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu. Wewe wa sinema ndiye mjuzi wetu, tuelezee!"

Nderitu alisimama mlangoni.

"Saa moja na nusu," alisema. "Dunia nzima."

Akarudi ndani, akaketi kitandani, akalia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Farah alizima redio katikati ya habari, akawaambia watu waende makwao, kisha akaingia na kuketi kando yake.