Ng'ombe walivyoniumbua mbele ya mtafiti

Leo asubuhi ng'ombe waliokufa zamani wameniumbua tena, jamani.

Binti wa chuo amekuja kwangu hapa Nsemulwa. Anafanya utafiti juu ya watoto waliokulia kwenye familia zilizohamia.

"Babu, ulipokuwa kijana ulijiona kabila gani?"

Nikacheka mpaka chai ikamwagika.

Swali hilo nilishaulizwa miaka ya sabini, nikiwa darasa la saba kule Mpimbwe. Tulikuwa tumehamia na ng'ombe wetu kutoka Usukumani. Mtafiti wa wakati huo alinikuta na rafiki zangu Wapimbwe, wenyeji wa kule, kando ya shamba la mpunga la baba wa mmoja wao. Nikavimba kabisa.

"Mimi Mpimbwe. Sisi ni watu wa mpunga, ng'ombe hatuwajui."

Wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Walinipenda.

Mara nikaona ng'ombe wa baba yangu wanaingia kwenye mpunga ule ule.

Nikasahau yote. Nikapiga mluzi wetu wa kuitia mifugo.

Ng'ombe wote wakageuka. Wakaja kunizunguka, na mtamba mmoja akanilamba shingo huku mtafiti akiangalia.

Baba akafika anahema. Alipoambiwa nilichojibu, akamgeukia mtafiti taratibu.

"Andika hivi: ng'ombe ni Wasukuma. Huyu kijana bado anafikiria."

Nyie mliokulia ugenini, mlijiandika nani? Semeni hapo chini, msione aibu.

Maana binti wa leo naye kaniuliza, "Sasa babu, nikuandike nani?"

Nina wajukuu tisa. Nimemwambia bado nafikiria.