Viatu vya Jumatatu

Niliporudi Kapsoit kutoka ng'ambo na diploma yangu ya kutengeneza filamu, watu walitarajia gari. Mimi nilileta sanduku la kanda za video. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kuosha sufuria hotelini, na kanda hizo nilizichagua kwa jicho la mtu aliyesoma: filamu ndogo ambazo hata huko ng'ambo ni wachache walioziona.

Niliyoipenda zaidi ilihusu mzee na mkewe waliokataa kijana wao wa miaka arobaini ahame nyumbani. Mama alimfichia viatu. Baba alijilaza kwenye jeneza sebuleni, akawa anafungua jicho moja kuangalia kama kijana analia. Waigizaji watatu, vyumba viwili, na bado ilikuchekesha huku ikikuuma. Hao walikuwa mafundi.

Jumamosi moja alasiri nikamwekea Mama filamu hiyo. Kiingereza hakujua, kwa hiyo nilimtafsiria kila neno, na sijasikia aliyewahi kutafsiri vizuri kuliko mimi. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini kuna jambo moja: nilikuwa nimepata kazi Mombasa na sikuwa nimemwambia. Mama huyu bado alikuwa akinipulizia uji.

Kijana wa kwenye filamu akasimama mlangoni, akawaambia wazazi wake anaondoka. Nikatafsiri: "Mama, Jumatatu naenda Mombasa."

Mama akanigeukia polepole. "Weri, kijana wangu, huyo mzungu amejulia Mombasa wapi?"

Nikainama kurekebisha sauti ya televisheni.

"Na huyo mama, viatu alificha wapi?"

"Kwa jiko la kuokea mkate."

"Mjinga. Hapo si kila mtu ataangalia?"

Jumatatu asubuhi viatu vyangu havikuwepo. Nilitafuta chini ya kitanda, jikoni, hadi kwenye ghala la mahindi. Mwishowe nikafunga tai, nikavaa gambuti zangu za kuchumia chai, nikabeba mfuko. Mama alikuwa amesimama getini. Akanipima kuanzia tai hadi gambuti, akacheka mpaka akashikilia geti.

"Mtu na diploma yake! Huko Mombasa watauliza wewe ni mtoto wa nani."

Akaingia banda la kuku, akamwinua kuku aliyekuwa akilalia mayai, akatoa viatu. Wale mafundi wote wa ng'ambo, hakuna aliyewaza kuku.

Nilivivaa pale pale getini. Cha kushoto kilikuwa bado na joto.