Jasho la Kifuniko

Mwavita alipenda kula, na hakuona haya kulisema. Wenzake waliotoka Bukavu kununua nguo Shisanhang, soko la jumla la Guangzhou huko China, walishindia mkate na maji. Yeye na mumewe Floribert walifunga mizigo yao, kisha wakaingia uchochoro wa nyuma ya soko, kwa Mjapani aitwaye Kitamura.

Ukutani mwa mgahawa ule palikuwa na ramani ya Japani, kila mji umechorewa chakula chake. Floribert aliifuata kwa tumbo kama msafiri: tambi za Sapporo katika supu nzito, mabawa ya kuku ya Nagoya, vitumbua vya pweza vya Osaka. Akakwama Akita, alikozaliwa Kitamura. Huko wali hupondwa, ukaviringishwa kwenye kijiti na kuchomwa, kisha ukakatwa vipande na kutiwa katika mchuzi wa kuku.

"Hii ni bugali iliyokwenda shule," Floribert alisema. "Siku moja twende tukaile kwao."

"Nenda wewe. Mimi nitabaki nikila sehemu yako."

Floribert alirudi nyumbani Bukavu kupokea mzigo, na vita vikaingia mjini nyuma yake. Simu yake ikazimika. Njia zikafungwa, Mwavita akabaki Guangzhou. Alikuja kwa Kitamura peke yake, akaagiza, akaketi akikitazama chakula mpaka kikapoa.

Siku iliyofuata Kitamura aliweka bakuli la pili mbele ya kiti kitupu, limefunikwa.

"Sijaagiza mawili, laobani," Mwavita alisema. Hivyo ndivyo wanunuzi wote walivyowaita wenye maduka, bosi.

"Hili ni la bwana. Baba yangu alikuwa akienda Tokyo kila majira ya baridi kutafuta kibarua cha ujenzi, na mama alimwekea hivi, asione njaa huko aliko. Funua. Ukikuta matone chini ya kifuniko, yuko salama."

Mwavita alifunua. Kifuniko kilikuwa kimelowa. Siku hiyo alikula.

Tangu hapo ikawa desturi. Jean-Luc, mdogo wake Floribert aliyekuwa na kazi ya kupakia makontena, alimfuata huko mara nyingi, na hakuacha kumtania.

"Shemeji, na sala zote zile za Jumapili, bado unaamini kifuniko! Supu ya moto ikifunikwa itaacha kutoa jasho?"

"Nyamaza."

"Haya. Na supu yenyewe anakula nani?"

"Wewe, mlafi. Lakini nikishafunua."

Basi ndivyo walivyofanya. Mwavita alifunua, akayatazama matone, akamsukumia Jean-Luc bakuli. Naye aliinama akalimaliza, akimwambia kaka yake, kana kwamba yuko mezani, kwamba leo chumvi imepungua.

Kisha siku moja mchana Jean-Luc aliingia na kofia mkononi, akaketi bila utani. Mwavita alifunua. Matone yalikuwepo, manene. Akamsukumia bakuli.

Jean-Luc hakuligusa.

"Kula."

Alitazama ramani ukutani.

"Jean-Luc. Kula, nakuambia."

"Siwezi, shemeji," akasema. "Jirani amepiga simu. Walimzika nyuma ya parokia. Zamani, shemeji. Siku zile zile vita vilipoingia."

Mwavita hakulia. Aliuliza kama alizikwa na jeneza. Jean-Luc alisema hajui. Akauliza kama padri alikuwepo, na hilo pia hakulijua. Alikigeuza kifuniko mikononi, maji yakamtiririkia kwenye mkono wa blauzi. Mabakuli yote yale yalikuwa yametoa jasho kwa ajili ya maiti.

Kitamura alitoka jikoni. Hakuhitaji mkalimani. Alinyoosha mkono aliondoe bakuli.

"Acha," Mwavita alisema.

Alimpa kifuniko, akalivuta bakuli kwake. Kitamura alisimama pale pale akikifuta kwa aproni, ndani na nje, hata kilipokwisha kukauka. Mwavita alikula sehemu ya mumewe, kipande kwa kipande, mpaka mchuzi wa mwisho.