Orodha Mbili za Chuo

Nilipomaliza shule niliomba nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja cha Bungoma. Namba za maombi za waliochaguliwa zingewekwa kwenye tovuti ya chuo, kwa hivyo kila wiki nilienda saiba moja, duka la intaneti, hapa Kitale, nikafungua tovuti, nikakosa kitu, nikarudi nyumbani.

Mwenye saiba, mzee Singasinga, alinionea huruma. Akanionyesha alama ndogo ya rangi ya chungwa.

"Huu ni mlisho, binti. Chuo kikiandika jambo jipya, linaingia lenyewe kwa kompyuta yangu. Wewe pita tu uulize."

"Ati linaingia lenyewe? Nani analileta?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliona anataka kujua mambo yangu. Nilikubali, lakini namba yangu sikumtajia.

Jumatano moja aliniita nikipita. Orodha ilikuwa imefika tangu Jumatatu. Niliisoma kwa kidole: namba yangu ilikuwa ya tisa. Badala ya kufurahi, nilifungua tovuti yenyewe nihakikishe. Orodha ilikuwepo. Namba yangu haikuwepo.

"Mzee, hii umeandika wewe?"

Hakukasirika. Alinionyesha kwamba mlisho ulikuwa umeleta matangazo mawili, la Jumatatu na la Jumanne. Chuo kilikuwa kimefuta la kwanza na kuweka lingine, lakini nakala ya lile la kwanza ilibaki kwake. Tulizilinganisha orodha hizo mbili mstari kwa mstari. Zilitofautiana mahali pamoja tu, pale pa tisa: yangu ilikuwa imeondolewa, ikawekwa namba nyingine.

Akanichapishia zote mbili.

Kesho yake nilikuwa Bungoma, mbele ya karani wa chuo. Alizitazama karatasi zote mbili.

"Hii ya kwanza umetoa wapi?"

"Kwa tovuti yenu."

"Si tuliiondoa?"

Kisha akazikusanya karatasi haraka, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe. Aliingia ofisi ya ndani na kufunga mlango. Nilingoja hadi saa nane mchana. Aliporudi hakunitazama usoni.

"Yalikuwa makosa ya kuchapa," akasema, akanipa barua ya kujiunga.

Nilisoma pale hadi nikahitimu. Hakuna aliyewahi kuniambia ile namba nyingine ilikuwa ya nani. Lakini kila tangazo lililobandikwa ukutani, nililinakili siku hiyo hiyo, na tarehe nikaandika.