Mtani Wangu wa Darasa la Tatu

Juzi nilipita nyuma ya shule yetu kule Temeke, nikakuta mama mmoja anakaanga vitumbua. Ile harufu ya iliki, rafiki yangu, ilinisimamisha katikati ya njia mpaka bodaboda akanipigia honi.

Mie nimelelewa na bibi. Alfajiri niliamshwa na mchi wake kinuni, nikachochea mkaa, kisha yeye akajitwika beseni la vitumbua hadi getini kwa shule. Wanafunzi wote walimjua kwa sauti. Alikuwaga akisema, "Kitumbua ukikipuliza umekitukana."

Nilipokuwa darasa la tatu, bibi akafariki. Tulipoanua matanga nikarudi shule, ila sauti sikurudi nayo. Mwalimu akiita majina, kimya. Wenzangu waliambiwa wasinisumbue, wakawa wananipita kwa mbali kama yai litakalovunjika. Nyumbani shangazi akaanza, "Mtoto haongei, shule ya nini? Akae anisaidie kupika." Na mie shule nilikuwa naipenda! Nataka kumwambia, maneno yanagoma kooni.

Sasa, mwalimu wetu wa darasa alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na sie kwetu Wazaramo. Hao ni watani toka enzi. Msiba wa mtani wako huendi kulia, unakwenda kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Ila bibi alipozikwa, mwalimu alikuwa likizo kwao.

Basi asubuhi moja akaingia darasani kajifunga kanga kiunoni, beseni tupu kichwani, anavuta mguu vilevile kama bibi.

"Nyie watoto! Vitumbua hivyo! Vimeungua, lakini mtakula tu, mtafanyaje!"

Nyuma mtu akanong'ona, "Mh! Ticha kapagawa."

Akaja mpaka dawatini kwangu. "Na wewe mjukuu, unanitolea macho ya nini? Nimekufa kidogo tu, ushaanza uvivu? Ndio Wazaramo nyie, hata kulia mnataka msaidiwe!"

Nikasimama. "Muongo! Bibi hakuunguzaga!" Sauti ilikwaruza kama ya jogoo mchanga.

"Ehee! Kumbe alikuwa anaitaje? Nifundishe, mtani."

Nikaita kama bibi, kwa kuvuta, na mkono kiunoni. Darasa likapasuka kwa kicheko, nami nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Mwalimu akatua beseni, akanikumbatia. Hakuniambia nyamaza. "Lia, mtani wangu. Hesabu zitatusubiri."

Jioni nikamwambia shangazi, "Shikamoo shangazi. Kesho naenda shule." Mwiko ulimponyoka. Marahaba yake ilichelewa, maana alikuwa anajifuta machozi.

Siku hizi msibani ni maturubai na viti vya kukodi, kila mtu na simu yake. Ukiwauliza watoto watani wao ni kina nani, wanakukodolea macho. Na darasani mtoto aliyefiwa anapewa pole, wenzake wanaambiwa wamwache apumzike. Pole ni njema, jamani, sikatai. Nami walinipa pole nyingi mno, na zote nilizipokea kimya.