Kumpeleka Wafula wa Vichwa Vinane

Kilichonitoa Kitale Agosti ile ya 2004 ni sanamu ya saruji. Barasa, mwalimu wa Matulo, alitaka mdogo wake Wafula, marehemu wa mwaka uliotangulia, asimame tena mbele ya nyumba ya mama yao. Picha ilikuwa moja tu, ile ya kitambulisho, inayoishia shingoni. Aliniletea na kofia ya Wafula nipate ukubwa wa kichwa. Mwili uliobaki niliutoa kitabuni, kwa Wagiriki wa kale. Baadhi yao walikuwa na kipimo: mwanamume aliyeumbika vizuri ana urefu wa vichwa vyake vinane. Tena hasimami wima kama askari. Uzito anaubeba kwa mguu wa kulia, goti la kushoto linalegea, nyonga ya kulia inapanda na bega la upande huohuo linashuka. Nilifuata yote, na kwa kweli kazi ile ilinipendeza mno.

Asubuhi ya Jumamosi tukaondoka kwa pikapu, mimi na dereva, Wafula amelala nyuma juu ya maganda ya mahindi, amefunikwa blanketi. Ibada ya ukumbusho ilikuwa kesho yake.

Baada ya Kamukuywa polisi alitusimamisha, akainua blanketi taratibu sana. Nadhani alitarajia maiti. Alimtazama Wafula kwa muda, akasema huyu anakaa kama mtu anayengoja kitu, akaturuhusu tupite.

Webuye tuliijua kwa harufu ya kiwanda cha karatasi kabla ya kuiona. Tukakata kona kwenda Matulo, na saa nane mchana vijana wa jirani walikuwa wamekwisha kumsimamisha Wafula uani. Majirani walimsifu. Mimi nilingoja sifa za mwenyewe, mama yake, mwanamke mfupi mwenye goti bovu, ambaye alimzunguka polepole.

"Sura ni yake," alisema mwishowe. "Na kusimama ni kwake kabisa. Hivi ndio alikuwa anasimama hapo mlangoni akingoja chai." Akanyoosha mkono kuelekea begani, haukufika. "Lakini Wafula wangu alikuwa mfupi, fundi. Huyu simfikii."

Nilimweleza habari za Wagiriki na vichwa vinane. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Hao walimjua?"

Kukata miguu haikuwezekana, ndani mna nondo za chuma. Barasa ndiye aliyepata njia ya mkato.

"Si tuchimbe shimo, mama. Tumshushe mpaka hapa kwa magoti. Nani ataona?"

"Nilishamweka kwa udongo mara moja," mama alisema. "Siwezi mara ya pili."

Barasa alikwenda nyuma ya ghala la mahindi akakaa huko. Mimi nilibaki na koleo mkononi, nimejaa huzuni na aibu. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kutengeneza kilikuwa mgeni nyumbani kwake.

Jioni, tukinywa chai, nilimwuliza mama alikuwa akimshika mwanawe vipi. Akasema akitoka jikoni goti lilikuwa likimsumbua, basi alikuwa akimwegemea begani, na Wafula akimtania kwamba amemgeuza fimbo ya kutembelea. Bega gani? Alifikiri kidogo, akasema la kulia.

Lile lililoshuka.

Nilikuwa nimebeba saruji ya kumkazia Wafula miguu, na ikabaki. Niliokota mawe kando ya shamba, nikajenga ngazi mbili pana ubavuni mwake wa kulia, ya kwanza fupi kwa ajili ya goti.

Jumapili, kabla ya watu kuja, saruji ilikuwa bado mbichi pembeni. Mama alimshika Barasa mkono akapanda ya kwanza, akapumzika, akapanda ya pili. Halafu akauachilia mkono wa Barasa na kuuweka wake begani kwa Wafula, akaegemea kwa uzito wake wote. Alikaa hivyo hadi nyimbo zilipoanza barabarani.

Tulirudi Kitale jioni, pikapu tupu, maganda yakipeperuka nyuma. Kitabu bado ninacho na Wagiriki nawaheshimu. Lakini mtu akija karakana siku hizi na picha ya marehemu wake, kabla ya kuuliza urefu, namwuliza ni nani aliyezoea kusimama karibu naye.