Makaa ya Jirani

Jumapili baada ya misa mjukuu wangu alinikabidhi pedi ya gemu, akaniambia, "Bibi, leo wewe ndiye wakili." Limetoka toleo jipya la ule mfululizo wa kesi za mahakamani anaoupenda, na likizo hii kaja nalo hapa kwangu Ibadakuli. Mpishi mzee wa hoteli ameshtakiwa kuiba mkufu wa mgeni. Mjukuu wangu ananisomea maneno, mimi nabonyeza. Nikipinga ovyo ovyo, mzee anafungwa.

Shahidi alikuwa anajieleza, muziki unadunda kama moyo wa mtu aliyekimbia.

"Pinga, Bibi! Anadanganya huyo!"

"Mwache amalize."

"Utamfungisha mzee wa watu kwa upole wako!"

Kidole kilikuwa juu ya kitufe, nimekizuia. Utanicheka, rafiki yangu: mwanamke wa umri huu, niliyefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza miaka yote ile, nahangaika kwa ajili ya mpishi wa kuchorwa. Lakini sikuwa namwona mpishi tena. Nilikuwa nimesharudi uani kwa bibi yangu, mtoto mdogo, na watu wamejaa.

Ilikuwa kiangazi. Kazi yangu ilikuwa kuokota kinyesi kikavu cha ng'ombe cha kuwashia moto, maana kuni kwetu zilikuwa za shida. Nyuma ya zizi palikuwa na ngitili, lile eneo la majani tunalolifunga ili mifugo isife njaa ukame ukizidi. Bibi yangu alikuwa mjane. Jirani yetu, mwenye ng'ombe wengi, alikuwa amemwekesha ndama jike amlee, na akizaa anywe maziwa yake, kama walivyofanya wenye mifugo kwa wasio nayo. Bibi akamlea mpaka akazaa na kukamuliwa. Mwaka ule, ng'ombe akiwa na mimba nyingine, jirani alimchukua akamrudisha kwake.

Asubuhi moja ng'ombe yule hakuonekana zizini kwa jirani. Yowe likapigwa. Ukilisikia yowe kwetu unaacha hata uji mdomoni, unatoka na fimbo. Wanaume wakafuata alama za kwato, na sheria ilikuwa moja: nyayo zinapoishia, mwenye mji ule ndiye wa kujibu. Ziliishia kwenye zizi la bibi, nalo lilikuwa tupu.

Nilijua adhabu yake, kila mtoto aliijua. Kunyimwa moto. Hakuna wa kukupa kaa la kuwashia jiko, wala maji, wala salamu. Ukifa, hakuna wa kukuchimbia kaburi.

"Mama, umempeleka wapi?" mzee wa kijiji akauliza.

"Maziwa yamemlevya huyo!" jirani akasema, na watu wakacheka.

Bibi yangu akasimama. "Ng'ombe wa wizi huswagwa, baba. Nyayo za aliyemswaga ziko wapi?"

Wanaume wakatazama chini. Walikuwa wengi na wamekimbia kwa hasira, wakakanyaga njia nzima. Zilikuwa zimebaki nyayo zao wenyewe tu.

"Sasa unatufundisha kazi?" jirani akafoka.

"Hapana. Naomba mnyamaze tu."

Akaita kwa sauti ile ya kukamulia, ndefu, ya chini kwa chini. Kimya. Nilishika kanga yake. Mtu mmoja akasonya. Mzee akainua fimbo aseme neno la mwisho, na bibi akaita tena, safari hii taratibu zaidi, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Ng'ombe akaitika kutoka ngitili.

Tulimkuta majani yamemfunika, anamlamba ndama ambaye hajasimama bado. Alikuwa amerudi mwenyewe kuzalia alipolelewa. Watu wakatawanyika bila kuagana, na jirani akambeba ndama, akamswaga ng'ombe wake kwenda kwake.

Jua lilipoanza kushuka, bibi akaumwagia maji moto wake. Nilishtuka, michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, ilikuwa bado migumu chunguni.

"Bibi, tutakula nini?"

"Tulia. Watakuja."

Jirani akaja na mkewe. Mwanaume mzima, kabeba mwenyewe kigae cha makaa, kazi tuliyokuwa tukitumwa sisi watoto.

"Nimeona moshi umekatika, huna moto, mama," akasema, macho chini.

"Sina, baba. Karibu."

Michembe ikaivia kwenye makaa yale, tukaila na karanga, sote kwenye chungu kimoja.

"Bibi! Umelala?" Mjukuu wangu alinigusa bega. Shahidi alikuwa ameropoka kwamba aliuona mkufu ukimeta mfukoni mwa mpishi, ilhali mwanzoni alishasema umeme ulikatika, giza likatanda. Nikabonyeza. Mpishi akaachiwa huru, karatasi za rangi zikamwagika kwenye skrini, mtoto akanirukia shingoni.

"Na yule shahidi," nikamuuliza, "anaenda kwa mpishi lini?"

"Kufanya nini? Kesi imeisha, Bibi. Twende inayofuata."

Nikamrudishia pedi, nikaenda kuchemsha chai. Ile ngitili sasa ni nyumba za bati, na kila nyumba ina mtungi wake wa gesi. Namshukuru Mungu kwa gesi, mikono yangu haiwezi tena kuokota kinyesi. Unazungusha kidogo, moto huu hapa, humhitaji mtu. Ila sijui siku hizi mtu auzime moto gani, ili jirani aliyemkosea apate sababu ya kubisha hodi.